Mnasihi wa shule nzima ni mimi peke yangu: nianzie wapi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia katika shule ya sekondari ya kata huku Buchosa, mwambao wa ziwa. Mwaka huu mkuu wa shule amenikabidhi barua ya kuwa mwalimu wa ushauri na unasihi. Mafunzo niliyonayo ni yale ya saikolojia ya elimu tuliyosoma chuoni, basi. Niko peke yangu. Juu ya hilo mimi ni matroni, na wiki yangu ya zamu ikifika nashika fimbo kama wengine. Ofisi sina, naongea na wanafunzi chini ya mwembe. Walimu wenzangu wananiuliza, "Yule kakwambia nini?" Na sasa binti wa kidato cha pili amenieleza jambo zito, akaniapisha nisimwambie mtu. Tangu hapo usingizi sina. Nianzie wapi?

Jibu:

Mwalimu, pole na majukumu. Naanza na huyo binti. Fimbo, mwembe na maswali ya wenzako vinaweza kungoja wiki ijayo, yeye hawezi.

Hukuniandikia alichokwambia, na umefanya vyema. Lakini najua aina ya mambo yanayomnyima mwalimu usingizi, kwa hiyo nitajibu kwa kukisia. Kama ni ugomvi na rafiki, mvulana anayempenda, baba anayekunywa pombe lakini hapigi mtu, au aibu ya kufeli, hayo ni yake na yako, kiapo kinakaa. Kama kuna mtu mzima anayelala naye, kama anapigwa hadi kuumia, kama mahari yake inajadiliwa nyumbani, au kama amesema amechoka kuishi, hapo kiapo hakikuwa chako kukitoa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Mwalimu hajaachwa nje ya "kila mwanajamii". Na binti aliye chini ya miaka 18 akilala na mtu mzima asiye mumewe, kisheria amebakwa hata kama anasema alikubali.

Usiende kuripoti kimyakimya nyuma ya mgongo wake. Mwite tena. Mwambie wewe mwenyewe, kabla hajasikia kwa mwingine: "Nimefikiria uliyonieleza. Siwezi kuyabeba peke yangu, kwa sababu yanakuumiza na yataendelea kukuumiza. Kuna watu wawili lazima wajue. Nataka tupange pamoja namna ya kuwaambia." Atalia, pengine atakuchukia kwa wiki. Lakini mwachie kila uamuzi anaoweza kuushika: aende leo mchana au kesho asubuhi, afuatane na wewe au na shangazi yake, aanze kueleza yeye au uanze wewe. Mtoto ambaye mambo yamefanywa juu ya mwili wake bila kuulizwa anahitaji kuulizwa, hata kwa madogo.

Ikiwa tukio ni la siku hizi mbili tatu, hesabu saa. Dawa za kinga dhidi ya VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Vidonge vya kuzuia mimba navyo havipendi kuchelewa. Mpeleke kituo cha afya, na mtu mwingine afuatilie PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, wakati huohuo. Asioge kwanza, na nguo alizovaa zisifuliwe. Zifungwe kwenye khanga au gazeti, si kwenye mfuko wa plastiki. Kituo cha polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, usikubali aanze kuhojiwa kaunta mbele ya watu. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yuko makao makuu Nyehunge. Namba yake iwe kwenye simu yako kabla hujaihitaji. Na ikiwa anayehusika ni mwalimu mwenzako, au Mungu apishe mbali, mkuu wako mwenyewe, usipitie ofisini kwake. Nenda ustawi wa jamii moja kwa moja, au piga 116, simu ya kusaidia watoto, bure kwa mtandao wowote.

Kisha kuna usichotakiwa kufanya, na hapa ndipo walimu wenye moyo mzuri huharibu kesi. Usimpeleleze. Usimrudishe kwenye maelezo mara tatu ili uhakikishe. Andika maneno yake kama alivyoyasema, tarehe, saa, saini yako, funga. Usimwite yule mwanaume "umsikie na yeye". Huku kwetu mtu akihisi harufu ya polisi jioni, alfajiri yuko Maisome au Goziba anavua kwa jina lingine. Na usikae kwenye kikao cha familia cha kumalizana. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumpa mwanafunzi ujauzito au kumwoa ni kifungo cha miaka 30, na ukubwa wa adhabu hiyo umefanya baadhi ya familia zipende ng'ombe au fedha taslimu kuliko mahakama. Watakuomba uwe shahidi wa maelewano. Kataa kwa adabu, ondoka.

Ikiwa tayari ni mjamzito, ajue jambo moja kutoka kinywani mwako: tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu waliokatishwa masomo kwa ujauzito warudi kwenye mfumo rasmi baada ya kujifungua. Wazazi wengi vijijini bado wanaamini kwamba binti wa namna hiyo shule kwake imekwisha, na wanamwoza kwa sababu hawaoni njia nyingine. Waambie.

Sasa barua yako. Wewe huwezi kuwa mnasihi na mchapaji. Sisemi hivyo kwa sababu ya nadharia za vitabuni; nasema kwa sababu mwanafunzi uliyemchapa Jumanne kwa kuchelewa hatakueleza Alhamisi kwamba anachelewa kwa kuwa anapika na kuosha wadogo zake watatu kabla ya kuja shule. Na kanuni iko upande wako kuliko unavyodhani: kiboko ni cha mkuu wa shule, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, hakizidi vinne, na kinaandikwa kwenye kitabu. Sote tunajua shuleni mambo huendaje. Lakini maana yake ni kwamba huhitaji kupigana na mtu. Unahitaji mkuu wako asikuidhinishe. Mwandikie ukurasa mmoja: naomba wiki ya zamu nisimamie usafi, chakula na mahudhurio, adhabu ishikwe na mwenzangu wa nidhamu. Mkuu mwenye akili atakubali, kwa sababu hapotezi kitu. Umatroni baki nao ukiweza. Wasichana wanakuja kwa matroni kuomba pedi, na wakiwa wameshafika mlangoni wanasema na lile lingine.

Katika barua hiyohiyo omba mambo mengine mawili. Kwanza, vipindi vyako vipunguzwe ili mchana wa siku mbili kwa wiki uwe wa unasihi tu, na ratiba hiyo ibandikwe ukutani. Pili, umkumbushe kwamba serikali imeelekeza shule ziwe na dawati la ulinzi wa mtoto, na dawati si mtu mmoja. Omba mwalimu mwanaume aunganishwe nawe. Hili la pili nalisisitiza. Mvulana wa miaka 16 aliyeanza kuvuta bangi kwenye kambi ya wavuvi, au aliyefanyiwa kitendo kibaya na wavuvi wakubwa, hatakuja kwako, Mwalimu, hata ungekuwa malaika. Anamhitaji mwanaume asiyemcheka. Chagua mwenyewe kabla hujachaguliwa, na usichague mwenye maneno mengi. Mtafute yule ambaye wanafunzi wanamfuata wakati wa mpira.

Kuhusu "kakwambia nini?", andaa sentensi moja uitumie kwa kila mtu, siku zote: "Tunaendelea naye vizuri, nikihitaji msaada wako nitakuja." Usicheke, usikonyeze, usiongeze "ah, mambo ya kawaida tu." Lakini wenzako usiwafungie mlango kabisa, kwa sababu wengi wanauliza kwa nia njema, wanamwona mtoto anasinzia na wanataka kujua wafanye nini. Wape la kufanya bila kuwapa sababu. "Wiki hii usimwite ubaoni." "Mkalishe mbele." "Akitoka nje katikati ya kipindi, mwache atoke." Mwalimu wa Hesabu hahitaji kujua kwamba mama wa mtoto ametoroka, anahitaji kujua kwamba asimwaibishe.

Mwembe usiudharau. Nimeona shule zilizompa mnasihi chumba cha stoo chenye mlango wa bati, na kila anayeingia anatangazwa na mlango. Unachohitaji ni mahali mnapoonekana na wote lakini hamsikiki na yeyote, mbali na bomba la maji na njia ya chooni. Mwembe unafaa. Kinachowatisha wanafunzi ni maana ya kuitwa. Ikiwa wanaoitwa kwako ni wenye matatizo peke yao, ukimwita mtu umemvua nguo. Kwa hiyo waite wote, makundi madogo madogo, kwa mambo ya kawaida. Kidato cha kwanza waite kuwafundisha namna ya kupanga muda wa kusoma. Kidato cha nne waite wanapojaza Selform, ile fomu ya machaguo ya baada ya kidato cha nne, kwa sababu wengi wanachagua tahasusi na vyuo kwa kufuata majina waliyoyasikia redioni. Mvulana anayesema "mimi baharia tu" hajui kwamba FETA, wakala wa serikali wa mafunzo ya uvuvi, wana chuo Nyegezi, hapohapo Mwanza, na kwamba kuna watu wanalipwa mshahara kwa kuyajua majokofu ya samaki na injini za boti. VETA nayo iko. Baada ya muhula mmoja wa namna hiyo, mtoto kuonekana na wewe chini ya mwembe hakumaanishi lolote, na hapo ndipo wenye la kusema watalisema.

Nikuombe jambo moja ambalo semina nyingi hazigusi. Chukua rejista za mahudhurio za miezi mitatu iliyopita na kalenda inayoonyesha mwezi mwandamo. Kama shule yako iko karibu na mwalo wa dagaa, yaani pale mitumbwi inaposhusha samaki, utaona rejista inapumua na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani karabai, siku hizi za sola na betri. Mbalamwezi ikijaa, taa hazivuti samaki, mitumbwi inapumzika. Wakati wa giza wavulana wanahitajika majini au kuvuta nyavu, na wasichana wanahitajika alfajiri kuanika. Asubuhi ya jua kali baada ya usiku wa mavuno hakuna mama atakayemwacha binti yake aende kusoma Historia wakati dagaa wanaweza kuoza. Ukiita utoro huo ukosefu wa nidhamu, utachapa watoto kila mwezi na kila mwezi watarudia.

Ukiijua kalenda hiyo, kazi yako inapangika. Kikao cha wazazi kiwekwe siku za mbalamwezi, kina baba watakuwepo na watakuwa macho. Mazungumzo na wasichana kuhusu wanaume wanaotoa chipsi na vocha uyafanye siku za giza zinapoanza, kabla fedha hazijaanza kuzunguka mwaloni, maana zikizunguka kila mtu ana bei. Na nenda kwa mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo. Usiende na malalamiko. Nenda kama mtu anayemwamkia mzee wa nyumba. Mwombe jambo dogo linalotekelezeka: saa za masomo, mtoto aliyevaa sare asipewe kazi mwaloni, na hakuna chombo kinachoondoka na mwanafunzi. Neno la mwenyekiti huyo mbele ya matajiri wa mitumbwi lina uzito kuliko barua kumi zenye mhuri wa shule. Yako mialo ambako hawatakubali. Kwa shule iliyo karibu na wavuvi wa sangara mambo ni tofauti, mwezi hauwasumbui kwa kiasi hicho, kwa hiyo soma rejista yako mwenyewe usikariri ya kwangu.

Halafu magetoni. Shule ya kata yenye wanafunzi wanaotoka vijiji vya mbali lazima ina wasichana waliopanga vyumba karibu na shule, wawili wawili, bila mtu mzima. Jioni moja kila mwezi pita na matroni mwenzako au mwenyekiti wa kitongoji, ujue nani anaishi wapi na mama mwenye nyumba ni nani. Mama mwenye nyumba mmoja aliyeheshimiwa na kusalimiwa atakuambia mapema kuliko mtu yeyote kwamba "yule wako siku hizi analetewa wageni." Hapo unazuia jambo badala ya kulizika.

Kabla ya kufikiria kwamba mtoto ana msongo, hakikisha hana kichocho. Nasema kwa dhati. Mtoto wa ziwani anayesinzia, anayelalamika tumbo, aliyeshuka kimasomo, anaweza kuwa na minyoo ya kichocho, malaria, au amekula jana mchana mara ya mwisho. Zahanati kwanza, mwembe baadaye.

Hujaniuliza kuhusu mapepo, ila yatakufika. Siku moja, aghalabu karibu na mtihani wa moko, msichana mmoja ataanguka na kupiga kelele, halafu watatu, halafu kumi. Wapo watakaotaka mchungaji, wapo watakaotaka mganga, wapo watakaotoa simu warekodi. Jambo hili si geni kwenye ziwa hili: tarehe 30 Januari 1962, Kashasha, upande wa Kagera, wasichana watatu wa bweni walianza kucheka bila kuweza kujizuia, ikaenea hadi 95 kati ya wanafunzi 159, na katikati ya Machi shule ikalazimika kufungwa. Madaktari waliochunguza hawakukuta sumu wala vijidudu. Kinachosambaza hali hii ni macho: anayetazama ndiye anayefuata. Kwa hiyo watenganishe, kila mmoja na mtu mmoja mtulivu, ondoa watazamaji, wape maji na kivuli, wapelekwe zahanati walioumia au wanaotia shaka, na darasa lirudi kwenye ratiba haraka iwezekanavyo. Usiwaambie wanaigiza, hawaigizi. Usigombane na mzazi anayetaka maombi. Mwambie maombi yafanyike nyumbani. Wiki inayofuata, yule aliyeanza mwite peke yake, taratibu. Mara nyingi yeye ndiye mwenye jambo.

Kuhusu kifo. Ziwa linachukua watu, na wakati mwingine halirudishi mwili. Watoto wa Ukara na Bugolora waliona la MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, lakini upepo wa usiku mmoja unaochukua mtumbwi wenye watu watatu hautangazwi, na mtoto wa mmoja wao anarudi darasani baada ya siku nne akiwa amenyolewa nywele. Watu watamwambia ajikaze. Wewe usimwambie hivyo. Kaa naye, taja jina la marehemu, uliza alikuwa mtu wa namna gani. Usimlazimishe kusema.

Na yule anayesema "bora nife": muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandii wazo, linamfungulia mlango. Akisema ndiyo, usimwache peke yake siku hiyo, mwite mzazi aliye salama, na mwelekeze mzazi afungie dawa za pamba na za kuogeshea ng'ombe zilizoko nyumbani. Kisha rufaa, kuanzia hospitali ya Sengerema, na ikibidi Sekou Toure au Bugando, ambako kuna madaktari wa afya ya akili. Zamani tungeanza kupiga hesabu ya foleni ya kivuko Busisi. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 safari hiyo haina kisingizio tena, ila nauli, na nauli ya dharura ni suala la kuliomba kwa mkuu wa shule kabla ya siku yenyewe.

Usitoe kila kitu mfukoni mwako. Utanunua daftari, pedi, nauli, na mwezi wa pili watoto watakuja kwa ajili ya mfuko. Weka kiasi unachoweza, ukikifikia useme kimeisha.

Daftari lako liwe kaunta buku moja, namba badala ya majina, orodha ya namba na majina iwe sehemu nyingine, vyote vifungiwe kwa kufuli ambalo ufunguo wake unao wewe. Usilipeleke nyumbani. Mtafute pia mwalimu wa unasihi wa shule nyingine, bora ya halmashauri nyingine kabisa, Magu au Misungwi, muwe mnapigiana simu na kuzungumza bila kutaja majina wala vijiji. Hilo hakuna barua itakayokupa, na bila hilo utachoka kabla mwaka haujaisha.

Shule ikikaribia kufungwa Desemba, pitia zile namba zote ambazo bado ziko wazi. Likizo ndefu ndiyo wakati ambao wavulana wanaenda kambini na wasichana wanaposwa. Kwa kila mmoja jiulize ni mtu mzima gani atakayemwona wakati hayuko machoni pako: bibi, mwenyekiti wa kitongoji, mwalimu wa Jumapili, ustawi wa jamii. Asiye na mtu, mpe 116 kwa kichwa, si kwa karatasi, kwa maana karatasi huokotwa. Na huyo wa kidato cha pili usimsubirishe hadi Desemba. Mwite kesho, kabla ya kipindi cha kwanza.